Kompyuta ya kazi ya harusi: ya dukani au ya kuunda mwenyewe?

Barua tatu za mwezi huu zinahusu kompyuta za mezani. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ina uzito ambao mwandishi wake mwenyewe huenda hakuuona alipokuwa akiandika. Mbili zilizobaki nimezijibu kwa kiasi cha haja.

SWALI: Assalaam aleikum, ndugu mwandishi. Mimi ni mpiga video wa harusi, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni shughuli za akina mama, hasa kesha na kupamba. Laptopu ninayotumia imechoka. Nikianza kuhariri video ndefu inachemka mpaka inajizima, na wenye harusi wananisubiri. Nimejiwekea shilingi 150,000, na skrini ninayo. Duka moja mjini limenionyesha kompyuta ya mezani iliyo tayari, yenye kioo ubavuni na taa za rangi, kwa waranti ya mwaka mmoja. Mpwa wangu anayesomea uhandisi anasisitiza ninunue vipande tuiunde wenyewe, akisema kwa pesa hizo hizo nitapata mashine yenye nguvu zaidi. Mimi sijawahi kushika bisibisi. Nifuate lipi? *Mpiga video, Kisauni*

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Umeuliza habari ya bei na nguvu, lakini ndani ya barua yako limo neno moja ambalo kwa maoni yangu ndilo linalopaswa kukata shauri, nalo ni kupamba. Aliyekulia Mombasa hahitaji kuelezwa. Ukumbini mle akina mama wamevua mabuibui, nywele zi wazi, bi harusi ameketi jukwaani na hina yake, na wote wamekubali kamera iwepo kwa sababu aliyeishika ni mwanamke mwenzao na wanaamini kwamba picha zitabaki mikononi mwa wanawake. Video hizo ni amana. Kwa hiyo kabla hujauliza ni mashine ipi yenye kasi, uliza ni nani atakayeifungua siku itakapoharibika, na akiifungua atakuta nini ndani yake.

Nitakueleza nililoliona kwa macho yangu. Miaka michache iliyopita nilikuwa nimeketi kwenye kibanda cha fundi mmoja mjini nikingoja waya wangu utiwe risasi. Juu ya meza palikuwa na kompyuta ya mteja ambayo fundi alikuwa amemaliza kuibadilisha feni, na ili ajue kama sauti na picha zimerudi sawasawa, alifungua faili la kwanza la video aliloliona. Ilikuwa ni harusi. Tulikuwa wanaume watano kwenye lile benchi, na kwa muda wa kama nusu dakika kabla fundi hajatambua anachokitazama, wake na mabinti wa watu walikuwa wakicheza mbele yetu kwenye skrini kubwa. Kijana yule hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alifunga faili kwa haraka na akaona haya. Hata hivyo lililotokea lilikuwa limekwisha kutokea, na mwenye kompyuta hakuwa na habari. Nadhani mpaka leo hana.

Sasa tazama jinsi waranti ya kompyuta iliyonunuliwa tayari inavyofanya kazi. Maduka mengi hubandika kijikaratasi cha muhuri mahali ambapo mlango wa kasha unakutana na mwili wake, na sharti la waranti huwa ni kwamba muhuri ule usipasuke mikononi mwa mnunuzi. Maana yake ni kwamba hata kikiungua kipande kisichohusiana kabisa na video zako, mathalani pawasaplai, yaani kipande kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, utalazimika kulibeba sanduku zima na diski ikiwa ndani, uliache dukani kwa siku mbili au wiki mbili, na utegemee heshima ya kila mtu atakayepita kwenye ile karakana. Kompyuta iliyoundwa kwa vipande haina muhuri huo, kwa kuwa kila kipande kina risiti yake na waranti yake. Pawasaplai ikifa, unafungua skrubu nne nyuma ya kasha, unachomoa waya, unakipeleka kipande kile peke yake kwa aliyekuuzia, na diski yako haitoki chumbani. Kwa upande wa sheria pia, kumbuka kwamba Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na picha ya mtu anayeweza kutambulika ni data yake binafsi. Anayeihifadhi kwa biashara, yaani wewe, ndiye anayewajibika kuilinda.

Kwa sababu hiyo mimi naungana na mpwa wako, ingawa hoja yake siyo yangu. Hoja ya bei, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo ngao ya wanaopenda kuunda, leo haina nguvu iliyokuwa nayo. Tangu mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya kumbukumbu za RAM, yaani vijiti vinavyoshika kazi inayoendelea kwa wakati huo, imepanda sana duniani, kwa kuwa kampuni tatu zinazotengeneza sehemu kubwa ya chipu hizo, ambazo ni Samsung, SK Hynix na Micron, zimeelekeza nguvu zao kwenye vituo vikubwa vya akili unde. Anayenunua kijiti kimoja kimoja huipata bei hiyo mpya moja kwa moja, ilhali duka lenye shehena ya zamani ya kompyuta zilizokamilika huenda likauza kwa bei iliyotangulia. Fanyeni hesabu kwa kalamu na karatasi, wala msishangae ikiwa zote mbili zitakaribiana. Mnapolinganisha, hakikisheni kwamba kila bei mliyotajiwa imejumuisha ushuru wa VAT wa asilimia 16 na kwamba mtapewa risiti ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya mamlaka ya kodi, kwa sababu bei isiyo na risiti huja bila waranti.

Nikija kwenye nguvu yenyewe, kazi yako ina mahitaji ambayo duka la taa za rangi halikuyafikiria. Kamera ikirekodi kwa kiwango cha megabiti 100 kwa sekunde, ambacho ni cha kawaida kwa video za 4K, kila saa moja inakula gigabaiti 45. Kupamba kwa saa nne kwa kamera mbili ni gigabaiti 360, na hiyo ni harusi moja tu. Mashine uliyoonyeshwa, kama zilivyo nyingi za aina yake zilizokusudiwa michezo, huenda ikaja na diski moja ya SSD, yaani diski ya kasi isiyo na sehemu inayozunguka, ya gigabaiti 512 ambayo itajaa kabla hujafika harusi ya pili. Ninalopendekeza ni SSD ya terabaiti moja kwa ajili ya programu na kazi unayoihariri wakati huo, pamoja na diski kubwa ya kuzunguka ya terabaiti 4 kwa kazi zilizokamilika, nayo ni ya polepole lakini ya bei nafuu kwa kila gigabaiti.

Kuhusu prosesa, yaani chipu iliyo kama ubongo wa kompyuta, wahariri wengi wa kipato chako wanaridhika na Intel Core i5-12400, yenye viini sita, iliyotoka mwaka 2022. Zingatia herufi moja hapa. Ikiwa jina linaishia na F, yaani i5-12400F, prosesa hiyo haina sehemu yake ya kutengeneza picha za skrini, na bila sehemu hiyo unakosa Quick Sync, ambayo ni mashine ndogo iliyomo ndani ya prosesa za Intel tangu mwaka 2011 kwa kazi maalumu ya kufungua video iliyobanwa na kuibana tena. Wachezaji wa michezo hununua yenye F kwa sababu ni rahisi kidogo nao wana kadi zao za picha. Mhariri wa video akiokoa pesa hizo anajinyima msaidizi anayemhitaji kila siku. Ukitumia programu ya DaVinci Resolve, ambayo ina toleo la bure, utahitaji pia kadi ya picha, maana programu hiyo huegemea kadi kuliko kitu kingine chochote. Nvidia RTX 3060 yenye kumbukumbu ya gigabaiti 12, hata ikiwa imetumika, mradi uione ikifanya kazi kabla ya kulipa, itakufaa kuliko kadi mpya zaidi yenye gigabaiti 8. RAM ifike gigabaiti 32, lakini kwa bei za sasa si vibaya kuanza na kijiti kimoja cha 16 na kuongeza kingine harusi zikilipa. Madabodi ya prosesa hiyo, yaani bao kuu linalounganisha vipande vyote, huja katika aina mbili, ya RAM za DDR4 na ya RAM za DDR5, na vijiti vya aina moja haviingii katika tundu za nyingine, basi mkubaliane mapema mnanunua ipi.

Kipande ambacho nakusihi usikibanie pesa ni pawasaplai. Umeme wetu ni wa volti 240, na sote tunajua unavyokatika na kurudi, mara nyingine kwa kishindo kinachozima taa za mtaa mzima. Pawasaplai dhaifu hufa kwa kishindo hicho, na katika kufa kwake huweza kufuatana na madabodi na diski. Kadi niliyoitaja hutumia wati 170 peke yake, na mtengenezaji wake anashauri pawasaplai ya wati 550. Nunua ya kampuni inayojulikana, yenye nembo ya 80 Plus inayoonyesha kwamba haipotezi umeme mwingi, na usidanganywe na namba kubwa iliyobandikwa kwenye kisanduku chepesi. Ishike mkononi: pawasaplai iliyo nzuri ina uzito unaousikia. Ongeza na UPS, kifaa chenye betri kinachoshika umeme unapokatika, ukikumbuka kwamba namba iliyoandikwa VA siyo wati, kwa hiyo UPS ya VA 650 kwa kawaida haifikishi hata wati 400. Kazi yake ni kukupa dakika chache za kuhifadhi faili na kuzima kwa utaratibu. Haiwezi kukuendeshea uhariri usiku kucha.

Jambo la mwisho kwako ni hewa yetu ya pwani, ambayo ushauri ulioandikwa kwa nchi za baridi hauigusi. Nimefungua kompyuta iliyokaa miaka mitatu karibu na dirisha linaloelekea baharini: skrubu za kasha zilikuwa zimeota kutu ya rangi ya chungwa, vumbi limegandamana na unyevu wa chumvi likawa kama uji mkavu kwenye mapezi ya kipoza, na meno ya dhahabu ya kijiti cha RAM yamefanya ukungu. Kijiti kile kilipona kwa kuchomolewa, umeme ukiwa umeondolewa kabisa, na kusuguliwa taratibu kwa ufutio wa penseli. Mwenye kompyuta iliyotiwa muhuri asingeweza kufanya hivyo. Chagua kasha lenye vichujio vya vumbi vinavyotoka na kuoshwa, na matundu ya hewa mbele; ubavu wa kioo ni pambo tu, ila mbele pakiwa pameziba, feni zitazunguka bure. Iweke mbali na dirisha na uiwashe mara kwa mara, kwani inayokaa imezimwa miezi ndiyo inayokusanya unyevu. Tena unajua wewe jinsi lenzi inavyofanya ukungu ukitoka ukumbi wenye kiyoyozi kwenda uani. Hata diski na vifaa vya kompyuta hufanya hivyo hivyo, basi ukivihamisha kutoka kwenye baridi, vipe kama saa moja kabla ya kuvitia umeme.

Hujawahi kushika bisibisi, na hilo lisikutishe. Mashine hizi huundwa kwa kipimo cha ATX kilichowekwa na Intel mwaka 1995, ndiyo sababu matundu ya skrubu ya madabodi ya kampuni moja hukutana na kasha la kampuni nyingine, na waya nyingi zimetengenezwa ili zikatae kuingia mahali pasipo pake. Kaa na mpwa wako mezani siku nzima, au mlipe fundi aje nyumbani na wewe ukae ubavuni pake ukimwona, huku diski zikiwa mpya na tupu. Halafu mwambie akufundishe jambo moja hata kama hufundishwi mengine: kuzitoa diski mwenyewe. SSD ya siku hizi kwa kawaida ni kijibao cha upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80 kinachoshikwa na skrubu moja tu; ukiifungua, kinainuka chenyewe upande mmoja nawe unakivuta. Ukilifanya mara mbili tatu mikono haitetemeki tena. Video za harusi ziingie baada ya mafunzo hayo, na ziingie zikiwa zimefungwa kwa nywila, ama kwa BitLocker ukiwa na Windows Pro, ama kwa VeraCrypt, ambayo ni ya bure.

Ikiwa baada ya yote haya utapenda ile ya dukani, kwa kuwa huna muda au mpwa wako amerudi chuoni, usiinunue mpaka muuzaji akuandikie kwenye risiti kwamba unaruhusiwa kutoa diski bila kupoteza waranti. Akikataa, toka. Na vyovyote utakavyoamua, lifanye wakati wa Ramadhani, harusi zikiwa zimesimama, ili hitilafu zote ndogondogo za mashine mpya zijitokeze na kutengenezwa kabla ya Mfungo Mosi.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 71. Ninataka kompyuta ya kuandikia kumbukumbu zangu na kuzungumza na wanangu walio ng'ambo. Mjukuu wangu anataka kuniundia. Je, nimkubalie? *Mzee wa Kibokoni*

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Mjukuu huyo ana mapenzi, naye mshukuru, lakini kwa kazi uliyoitaja nunua iliyo tayari. Kompyuta za ofisi zilizotumika Ulaya, za Dell, HP au Lenovo, zinapatikana kwa wingi mjini, nazo zilijengwa kuvumilia miaka ya kazi ya kutwa nzima. Sharti langu ni moja na mjukuu ndiye wa kulisimamia. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi karibu prosesa zote za Intel zilizotangulia kizazi cha nane. Akikuta i5 ambayo namba yake inaanza na 6 au 7, kwa mfano i5-6500 au i5-7500, aiache hata ikiwa bei ni ya kutupa; i5-8500 inakubalika. Pia afahamu kwamba nyingi za kompyuta hizi zina pawasaplai za umbo na waya za kampuni yenyewe, hivyo ya kawaida ya dukani haitaingia ile ikiungua. Amuulize muuzaji kama anayo spea yake kabla hamjalipa. Hakikisha kuna kamera ya kuweka juu ya skrini, maana kompyuta za mezani za ofisi kwa kawaida hazina, na bila hiyo wanao hawatakuona.

SWALI: Nimeunda kompyuta yangu ya kwanza kwa prosesa ya Ryzen 5 5600 na madabodi yenye tundu la prosesa la aina ya AM4. Feni zinazunguka, taa zinawaka, lakini skrini haionyeshi chochote. Nimebadilisha waya wa HDMI mara tatu. Muuzaji anasema vipande vyote ni vizima. *Kijana wa Likoni*

JIBU: Huenda muuzaji anasema kweli. Hukutaja kadi ya picha, na Ryzen 5 5600 haina sehemu ya picha ndani yake. Ndugu yake mwenye herufi G, yaani 5600G, ndiye aliye nayo. Tundu la HDMI lililo kwenye madabodi yako ni mlango tu, na nyuma yake hamna mtu. Jaribu kuazima kadi yoyote ya picha, hata ya zamani, uitie kwenye tundu refu la juu na skrini uiunganishe kwenye kadi yenyewe, mbali na madabodi. Picha ikija, mjadala umekwisha: utafute kadi ya kudumu, au uzungumze na muuzaji akubadilishie prosesa.

Ikiwa kadi unayo na bado kumeganda giza, chomoa vijiti vya RAM uvirudishe kwa nguvu mpaka usikie vishikizo vikilia, ukitumia tundu la pili na la nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, kisha uangalie kama ule waya wa umeme wa pini nane ulio juu karibu na prosesa umeunganishwa, kwa maana huo ndio ambao wanaoanza huusahau.

Ukilazimika kuirudisha prosesa, usikivute kipoza moja kwa moja kwenda juu. Pini za AM4 ziko chini ya prosesa yenyewe, na gundi ya joto iliyo kati yake na kipoza ikishika, kipoza hutoka na prosesa ikiwa imening'inia na pini zikapinda. Iache mashine iwake dakika kumi ipate joto, izime, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha uzungushe kipoza kidogo kushoto na kulia mpaka uhisi kimeachia, ndipo ukiinue.